Kiko kinachonukia mtoto mchanga

Samahanini jamani, nimekaa kimya wiki tatu. Kulea na kuchonga, vyote ni mikono hii hii miwili.

Leo nimepeleka viko vitano Kawe, kwa mzee muuza tumbaku.
Ndivyo vya kwanza nilivyochonga peke yangu tangu mume wangu, aliyenifundisha, afariki.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Fundi mwenyewe yuko wapi?"
Nikamweleza.
Akanipa pole, akachukua kimoja, akakigeuza weee.
"Umbo zuri. Shingo haijapinda."

Nikaanza kutabasamu.
Mara akakitia mdomoni kitupu, akavuta hewa.
"Binti, mbona kinanukia mtoto mchanga?"

Jamani! Nta iliniishia, nikaving'arisha kwa mafuta ya mwanangu.

"Kikipata moto hiki, mvutaji atatapika. Visugue upya, uniletee Jumamosi."
Nimerudi navyo vyote vitano.

Marehemu angenigombeza kabla sijatoka mlangoni. Sasa nyumbani hakuna wa kuninusia.

Chekeni tu, ruksa.
Ila aliye navyo anitumie hapa Bunju kabla ya Jumamosi: nta ya nyuki kopo moja, msasa laini kabisa karatasi nne, na kitambaa cha pamba cha kung'arishia.