Siku Mbili za Chepchirchir

Winny Chepchirchir na kaka yake Kipyegon wana ugonjwa mmoja, kifafa. Wanaenda kliniki moja ya Kericho, wanaketi benchi moja, halafu wanatoka na dawa tofauti. Mama yao, Elmina, hajawahi kulikubali jambo hilo. Watoto wa tumbo moja, kwa nini wasimeze kidonge kimoja?

Nesi alishaeleza hadi akachoka. Dawa ya Kipyegon inaweza kumharibu mtoto angali tumboni, ndiyo maana Winny akapewa nyingine. Hiyo nyingine haimtoshi. Kila mwezi, katika siku mbili za mwisho kabla ya hedhi, huanguka. Akianguka kwenye shamba la chai, wachumaji wenzake humvua kikapu, humlaza ubavu, na mmoja hukaa naye mpaka azinduke. Kipyegon hajaanguka tangu mwaka juzi.

Kipyegon alipoposa, wazee wa pande zote mbili walikutana kwenye koito, kikao cha kuulizana habari za ukoo. Wakwe waliuliza kama kuna ugonjwa. Mjomba akajibu, "Kijana huanguka kidogo." Wakauliza kama anaweza kulima. Anaweza. Kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kikaendelea kuzunguka.

Mwaka jana Aron wa Sigowet alitaka kumwoa Winny. Aron mwenyewe alijua. Wazee wake hawakujua, na Elmina alipanga wasijue. Bahati mbaya siku ya koito waliyoichagua iliangukia zile siku mbili.

"Mama, hiyo siku iko mbaya kwangu. Waambie wasongeze."

"Nimwambie mjomba wako nini? Eti unahesabu damu?"

Badala yake akamletea vidonge vya Kipyegon. "Meza hizi mpaka uolewe. Hutaanguka mbele ya watu."

"Na mtoto akija?"

"Mtoto atakuja kwa boma yako. Kwanza upate boma."

Winny alivirudisha vidonge kwa kaka yake, akaendelea na vyake.

Mimi ni jirani. Siku ya koito nilikuwa napakua chai. Swali la ugonjwa lilipoulizwa, mjomba alitazama paa akasema hakuna. Kisha wakamwita Winny, kama desturi ilivyo, aseme mwenyewe kama anamkubali Aron.

"Namkubali," alisema. "Lakini mimi huanguka, kama Kipyegon. Hata leo naweza kuanguka."

Hakuna aliyeuliza kama anaweza kuchuma chai. Waliuliza kama anaweza kuzaa, na kama watoto watakuwa wazima. Akawaambia maneno ya nesi, vile alivyoelezwa. Wageni wakasema watafikiria, wakaondoka kabla ya chakula. Nilikasirika, nakiri. Kesho yake asubuhi Winny alianguka jikoni, na Elmina ndiye aliyemshika kichwa.

Wiki tatu zilipita bila habari kutoka kwa kina Aron. Elmina hakumlaumu.

Halafu Aron akaja mwenyewe kwenye kituo cha kupimia majani chai, watu wamejaa, wanaume kwa wanawake, mjomba akiwa kwenye foleni.

"Wazee wamekubali," alisema. "Wanataka siku ya harusi. Wamesema uchague wewe."

Winny aliweka kikapu chini, akahesabu kwa vidole bila haraka.

"Jumamosi ya pili isiwe," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mizani. "Hiyo ni wiki yangu ya kuanguka. Iwe ya nne."

Mjomba alitazama paa tena. Kituo hicho hakina paa.