Ufunguo Mkononi, Injini Inanguruma

Kavindu alianza kuogopa mashine kiwandani Thika, siku leso ya mwenzake Maggie iliponaswa na mtambo wa kusokota nyuzi. Maggie alipona, ila aliacha vidole viwili pale. Kavindu alitoka mzima, lakini tangu hapo kila kitu chenye kuzunguka kilimfanya akaze meno. Kiwanda kilipopunguza watu na jina lake likawamo, wenzake walilia getini. Yeye alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Lakini riziki haina adabu ya kukuuliza unapenda nini. Kazi aliyoipata baadaye ilikuwa ya kuchukua vifaranga Thika na kuwapelekea wafugaji wa Ruiru na Mwihoko, alikokuwa akiishi, na kazi hiyo ilitaka gari. Akapata vani kuukuu ya dizeli, yenye kiti kirefu nyuma ya dereva na nafasi ya maboksi. Alijifunza kuendesha akiwa mtu mzima, mikono imekauka kwenye usukani. Hata baada ya miaka aliendesha polepole, redio imezimwa, ili asikie mapema kama kuna kitu kinataka kuvunjika.

Msimu wa mvua gari likaanza kutoa moshi wa samawati. Akalipeleka kwa Ibra, fundi aliyekuwa na banda lake karibu na reli pale Ruiru. Ibra alichomoa mpira unaotoka juu ya injini kuelekea kwenye bomba la hewa, akatia kidole, kikatoka cheusi tititi.

"Auntie, injini imezeeka. Inapumua oili, na hiyo oili inarudi kwa hewa inayovutwa ndani."

"Ni mbaya?"

"Ikiwa kidogo, ni moshi tu. Ikiwa nyingi, dizeli hii itaanza kuchoma oili yake yenyewe. Inakimbia. Hapo hata uzime, haisikii ufunguo. Inapiga kelele mpaka ife."

Alisema hayo kama mtu anayesema leo kutanyesha. Kavindu alitafuta tairi akakaa.

Injini nyingine, kwa bei yake, haikuwa ya kuzungumziwa, kwa hivyo Ibra akamtengenezea mtego. Alichukua chupa ya chuma ya maji, akatoboa kifuniko mara mbili, akachomea vibomba viwili: kimoja kirefu kilichofika karibu na sakafu ya chupa, kingine kifupi kilichoishia chini ya kifuniko. Katikati akajaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, akazibana kwa wavu ili zisivutwe. Akaifunga chupa kando ya betri na kuunganisha mipira.

"Moshi unaingia kwa hiki kirefu," akaeleza, "oili inabaki chini, hewa inatoka kwa hiki kifupi irudi kwa injini. Uwe ukimwaga kila mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi? Kavindu alimwaga kila Jumamosi. Alifungua boneti kwa sala, akachomoa mipira, akamimina ule uchafu kwenye debe na kurudisha kila kitu haraka, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemwamini. Haraka hiyo ndiyo iliyomponza. Jumamosi moja mvua ikimchapa mgongoni, alirudisha mpira wa kuingilia mahali pa ule wa kutokea. Yote miwili ilikuwa myeusi, ikifanana kama mapacha. Akafunga boneti, akashusha pumzi, akaingia nyumbani kunywa chai.

Kabla ya Jumamosi nyingine kufika, dada yake Kamene aliteleza bafuni akavunjika mguu. Ikawa ni kumwogesha, kumpikia, kumpeleka hospitali. Chupa ikasahaulika. Oili ikapanda kimyakimya, na kibomba kirefu, ambacho sasa ndicho injini ilichokuwa ikivuta, kikakaribia kuzama ndani yake kama mrija kwenye soda.

Siku yenyewe walikuwa wakitoka Thika. Kamene alikuwa ameangaliwa plasta, akakalishwa upande kwenye kile kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa. Nyuma yake maboksi ya vifaranga yalilia. Kavindu akaingia kituo cha mafuta nje kidogo ya Ruiru, pale ambapo njia ya kuingilia inashuka ghafla. Vani ikainama pua, na oili ndani ya chupa ikafunika mdomo wa kile kibomba. Akasimama kwenye pampu, akavuta handibreki, akazima.

Injini haikuzima.

Alifikiri amekosea. Akazungusha ufunguo tena, akauchomoa kabisa. Badala ya kufa, ngurumo ikapanda. Ikapanda tena. Usukani ukaanza kutetemeka, kisha kiti, kisha meno yake. Moshi mweupe ukafuka chini ya gari na kumeza pampu.

"Zima gari! Mama, zima gari!" mhudumu wa pampu alipiga kelele.

"Nimezima!" Kavindu akainua ufunguo aone. "Nimezima, woi!"

Mhudumu aliutazama ule ufunguo, akatupa kitambaa chake, akatoka mbio. Kila mtu akatoka mbio. Na Kavindu, aliyekuwa ameingoja siku hii tangu kiwandani, alijikuta nje ya gari akikimbia nao, kiatu kimoja hana. Kichwani mwake hamkuwa na kitu ila ile sauti.

Alikuwa amefika ukingoni mwa barabara aliposikia jina lake.

"Kavindu!"

Halikuwa yowe la hasira. Lilikuwa la mtu anayeuliza kama uko karibu.

Akageuka. Moshi ulikuwa umeficha vani nzima. Dereva wa lori aliyekuwa amekimbilia pale pale alimshika mkono. "Usirudi, mama!"

"Dada yangu yuko ndani! Hawezi kutembea!"

Yule dereva, jina lake Kyengo, akamtazama, akatazama moshi. Yeye hakwenda. Lakini alimwambia kwa sauti ya juu, neno moja moja: "Kanyaga breki na klachi. Tia gia kubwa. Kisha achia klachi, yote mara moja. Usiachie breki! Itakabwa ife!"

Kavindu alirudi akilia. Hakuna anayeweza kusema alirudi kwa ujasiri. Alirudi mkojo ukimtiririka miguuni, akipapasa ubavu wa gari hadi akaupata mlango. Ndani hakuona kitu. Alisikia Kamene akikohoa, akasikia chuma kikilia kama nguruwe anayechinjwa. Akakanyaga breki kwa uzito wake wote. Klachi. Akasukuma gia ya nne. Akaachia.

Vani ikaruka mbele kama iliyopigwa teke, ikagonga kitu cha plastiki, ikatetema mara mbili, ikafa.

Masikio yake yalichukua muda kuamini. Sauti ya kwanza kuyarudia ilikuwa ya vifaranga.

Ibra alifika na boda, akafungua boneti, akaifuata mipira kwa kidole hadi kwenye chupa. "Mipira imegeuzwa," akasema.

"Ni mimi."

"Na mimi sikuweka alama." Akapangusa mikono. "Imeponea chupuchupu, Auntie. Nusu dakika zaidi, ingetoa vyuma nje."

Jioni Mwihoko, dada wawili walikaa bila kuwasha televisheni. Kamene ndiye aliyeanza.

"Ulikimbia."

"Nilikimbia."

"Ningekuwa na miguu miwili, ningekupita."

Wakacheka hadi Kamene akashika mbavu, kisha Kavindu akalia, na dada yake hakumwambia anyamaze.

Gari lilikaa kwa Ibra hadi mwezi mwingine ukaandama. Kavindu alipeleka vifaranga kwa boda, wengine wakafa njiani, wateja wakanuna. Mwishowe alikwenda mwenyewe bandani na rangi ya kucha ya Kamene, nyekundu, akapaka mpira mmoja na kibomba chake kirefu. Ibra alitaka kumsaidia kufunga klipu.

"Wacha. Wewe tazama tu."

Alizikaza mwenyewe kwa bisibisi. Ilipofika wakati wa kuwasha, alitoka nje, akazunguka gari, akarudi, akatoka tena. Ibra alingoja. Kamene, aliyekuja akichechemea kwa mkongojo, alifungua mlango wa mbele akakaa.

"Twende," akasema. "Wateja wa Ruiru wanangoja vifaranga."