Mwendo wa Saa Kumi

Kaka yangu ni fundi wa makochi, na akikasirika hukasirika hasa. Tangu mkewe azikwe, miezi minane sasa, alikuwa hapokei simu za binti yake wa pekee, tunayemwita Kipusa, anayefanya kazi ng'ambo. Simu ikilia anaigeuza kifudifudi juu ya sponji, anaendelea kugonga misumari. Mimi shangazi mtu ndiye ninayepigiwa baadaye nisikilize kilio.

Kisa chenyewe ni hiki. Alipoondoka, Kipusa alimwambia baba yake asihuzunike, ndege inachukua saa kumi tu. Na basi la kwenda kwa bibi yake mzaa mama nalo linachukua saa kumi. Kaka akatulia roho: mtoto yuko mbali kama kwa mkwe, basi. Wifi alipofariki, mkwe, na magoti yake yale mabovu, alipanda basi akawahi mazishi. Kipusa akalia kwenye simu kwamba hawezi kufika kabla ya siku tatu.

"Siku tatu!" kaka akafoka. "Masaa kumi yamezaaje siku tatu? Tena ni mama yake mzazi!"

Kila nilipojaribu kuelewa habari za huko, kichwa kiliniuma. Kwetu jua la mchana linawaka, yeye ananiambia, "Usiku mwema, shangazi." Mwanzoni nilidhani ananifanyia mzaha.

Juzi dereva wa basi lile lile alileta kiti chake kivalishwe upya. Kaka akatema misumari kiganjani, akamuuliza kama bado anatumia saa kumi.

"Nikibahatika," dereva akasema. "Kwani vipi?"

Kaka akamweleza habari za binti asiye na huruma. Dereva akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Fundi, huo mwendo wangu wa kutwa nzima, ndege inaumaliza kwa saa moja."

"Saa moja? Kumbe yuko karibu zaidi!"

"Hapana, fundi. Yuko mbali safari zangu kumi. Kutwa kumi barabarani, na hapo hujageuza kurudi. Halafu ndege ya huko haiondoki kila alfajiri kama basi langu. Unasubiri siku yake."

Kaka akanigeukia. "Dada, huyu anasema nini?"

Kisha akaweka alama ya chaki kwenye pembe ya meza ya kukatia. Hapa kwetu, akasema. Shubiri moja, hapa kwa mkwe. Akaendelea kupima, shubiri baada ya shubiri, midomo ikihesabu. Akachanganyikiwa, akaanza upya. Safari hii meza ikaisha kabla hajafika kwa mtoto, mkono ukabaki hewani.

Akaketi kwenye kochi lisilo na sponji, juu ya mbao tupu. Mara akachukua simu. Dereva akatoka nje bila kuambiwa.

"Baba?" Sauti ya Kipusa ilikuwa ya usingizi na hofu. "Baba, kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," kaka akasema. "Mwanangu, siku ile tunamzika mama yako, wewe ulikuwa na nani?"

"Peke yangu, baba."