Kadi za Chakula Mfukoni mwa Koti Langu

Miaka ile maduka ya Mbinga yalipoanza kujaa sukari na sabuni bila foleni, mlinzi wa shule yetu ya jioni alinihakikishia kwamba vitabu peke yake ndivyo bado vinagawiwa kwa kadi, na mwenye kadi ndiye mwenye kitabu. Niliamini kama ubatizo.

Nilikuwa na insha ya kumalizia masomo, juu ya chakula cha mwambao wa Nyasa. Nikaingia maktaba, nikavuta droo ya kadi iliyoandikwa CHAKULA, nikang'oa ufito wa chuma unaozishikilia, nikachomoa zote: mihogo, dagaa wa usipa, uji wa watoto, nikazitia mfukoni mwa koti. Mkutubi alikuwa anafunga, basi nikalala nazo kwangu wiki nzima wajanja wasiniwahi. Nilitembea kama bwana shamba aliyekabidhiwa wilaya.

Jumatatu nikazimwaga mezani kwa mkutubi, Mama Ndunguru.

"Shikamoo mama. Nimefuata mgawo wangu."

Kabla hajaitikia, nesi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi akainuka.

"Kumbe ni wewe uliyezichukua, kaka? Nimetoka Lipingo mara mbili kutafuta kitabu cha namna ya kulisha watoto waliodhoofu. Juzi nimerudi mikono mitupu, na zahanatini nina wanne."

Nikazisogeza kadi upande wa mkutubi.

Mama Ndunguru akachukua kadi ya uji, akaenda rafuni, akarudi na kitabu, akampa nesi. Kisha akanigeukia bila hasira.

"Baba, kadi inaonyesha tu kitabu kilipo. Unasoma namba, unaiacha hapo hapo, na mwenzio naye aone."