Plagi ya Nyuma

"Pumbavu zangu!" fundi wa malori alijifokea mpaka gereji nzima ikageuka. Uzi wa kukazia ndani ya tundu la plagi ya nyuma ulikuwa umelika, na aliyeuharibu ni yeye mwenyewe, kwa pupa ya spana. Plagi ile ya nyuma, iliyojibana pembeni mwa injini, zamani ilikuwa ikianzwa kuzungushwa tunduni na marehemu mkewe kwa vidole vyake vyembamba, huku akimtania, "Taratibu, mume wangu, lori halikukimbii."

Alipaka grisi kwenye chombo cha kukatia uzi ili chenga za chuma zinase, akakata uzi mpya, akatia bushi, kipete cha chuma chenye uzi wa ndani. Kazi ikatoka safi. Alipojaribu kuianza plagi kwa vidole, mkono wake mnene ukakwama. Basi, bila kugeuka, akanyoosha mkono wenye plagi nyuma yake kama miaka yote, akangoja ipokewe.