Kabla Hujasema Amina

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, mwanangu, na arusi yangu watu walikula mpaka wakalegeza mikanda. Ilikuwa Jumapili, hapa hapa Mabanga, mtaa wetu wa Goma, zama nchi hii ikiitwa Zaire. Nilikuwa msichana niliyetoka kumaliza sekondari, na Kifaransa kilikuwa kimenijaa kama maji kwenye bidoni, ukinigusa tu kinamwagika. Mchungaji alipotafuta mtu wa kutafsiri maneno ya mgeni, nilikubali hata kabla hajamaliza kusema.

Mgeni aliitwa Madame Ida. Alikuwa Myahudi wa Ubelgiji, mama mwenye mvi, amekuja Goma kumwona mwanawe aliyekuwa mwalimu wetu. Mchungaji alikuwa amesikia kwamba zamani, katika vita vya Wazungu, Wanazi walimkamata akiwa binti mdogo pamoja na maelfu kwa maelfu ya Wayahudi, na kwamba wengi wao hawakurudi. Basi akamwomba aje atueleze.

Kabla hatujaingia kanisani mama yule alinivuta kando. Akaniambia kwa Kifaransa cha taratibu kwamba alikuwa na mdogo wake wa kike aliyekufa huko, na kwamba tangu arudi hajawahi kulitaja jina lake mbele za watu. Kila alipoanza, watu wa kwao walimwambia ana bahati, ashukuru, asahau. "Leo nitalisema," akaniambia. "Unisaidie lisipotee njiani." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nani? Mimi! Mwenye diploma mbichi!

Nikasimama mbele nikatangaza, "Wapendwa, mama huyu amekuja kutupa ushuhuda." Neno halikuwa na kosa, kamusi yoyote ingenitetea. Lakini wewe unajua ushuhuda kwetu ni nini. Mtu anasimama, anasema nilikuwa mgonjwa, daktari alishindwa, Bwana akaniponya, na watu wanapokea kwa Amina. Hatuyasikilizi yale ya katikati. Tunasubiri mahali pa kuweka Amina yetu, kama mtu anayesubiri chumvi iletwe ale.

Madame Ida alisema chini chini, akitazama mikono yake. Akaeleza jinsi walivyopakiwa kwenye behewa la mizigo, yeye na mdogo wake, bila maji. Akaeleza walivyoshushwa kambini, na askari akawatenga watu kwa kidole, huyu huku, yule kule. Yeye alipelekwa upande wa wale wa kufanyishwa kazi. Mdogo wake alipelekwa upande mwingine.

Na mimi? Mimi nilitafsiri kama watafsiri wa mikutano ya injili wanavyofanya. Yeye akinong'ona, mimi napaza. Yeye akinyamaza, mimi natembea huku na huku. Nilipenda jinsi watu walivyonitazama, sikufichi. Aliposema, "Vita vilipokwisha, nilitoka mzima," mimi nikainua mkono na kupiga kelele, "Nikatokaaa mzima!"

Kanisa zima likalipuka. Amina! Haleluya! Mpiga ngoma hakungoja kuambiwa, kwaya ikadaka wimbo, akina mama wakapunga vitambaa. Madame Ida alinigeukia akaniuliza, "Kwa nini wanafurahi?" Alikuwa bado mdomo wazi, jina la mdogo wake liko pale pale kwenye ulimi. Akaufunga mdomo, akakunja kitambaa chake cha shingo, akaketi kwenye kiti. Watu wakaimba ubeti wa pili. Katika maisha yangu sijaona mtu aliye peke yake kama mama yule katikati ya ile furaha.

Palikuwa na Mama Verediana, mzee wa kanisa, mzaliwa wa milima ya Masisi. Sauti yake ilikuwa inaogopwa na wachungaji wenyewe. Akainuka kwenye benchi la mbele, akavua viatu, akaenda akaketi chini, kwenye sementi tupu, miguuni pa mgeni. Wimbo ukaanza kukatika mtu mmoja mmoja, maana kila mmoja alikijua kikao kile. Kwetu mtu hukaa chini namna ile penye msiba.

Akanitazama. "Weye mutoto, umetuita ku arusi, kumbe mwenye nyumba iko na maiti."

"Mama, nilisema tu yenye alisema..."

"Hapana. Ulisema yenye ulipenda tusikie. Ule mama haiko na ushuhuda. Iko na kilio. Ambia batu bashuke chini."

Nikawaambia, sauti yangu imekuwa ya panya. Akina mama wakashuka kwenye mabenchi, kisha akina papa na suti zao za Jumapili, na mchungaji naye akashuka. Hakuna aliyeleta neno la faraja. Ndipo Mama Verediana akasema, "Sasa umuulize pole pole. Ule mwenye alibakia kule, jina yake nani?"

Nikauliza. Madame Ida alichelewa sana kujibu, na safari hii hakuna aliyemharakisha.

"Lea," akasema.

"Lea," nikatafsiri, kana kwamba jina linahitaji kutafsiriwa. Lakini mnong'ono ukapita, kwa sababu pale ndani palikuwa na akina Lea wetu, na mama zao walikuwa wameketi nasi.

"Alikuwaka anapenda nini?" Mama Verediana akauliza, kama tunavyouliza kwenye kilio.

Akatuambia. Lea alikuwa anaogopa kuku. Alikula ganda la mkate kwanza na kuficha sehemu laini. Aliimba vibaya na hakukubali kuambiwa. Madame Ida akacheka kidogo, kisha akalia, naye Mama Verediana akamshika mguu bila kusema kitu. Mwisho mgeni akateremka kwenye kiti chake, akaketi nasi chini. Akaniambia maneno ambayo niliyatafsiri kwa shida: "Kwetu Wayahudi pia, mwenye kufiwa hukaa chini, na watu huja kukaa naye. Mimi sikuwahi kukaa. Nilirudi, na wa kukaa nami hawakuwapo."

Mwanangu, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Siku ile nilidhani nimeelewa, kumbe nilikuwa nimesikia tu. Miaka ikapita, nikaolewa Masisi, tukalima viazi, tukafuga. Kisha vita vikapanda milima yetu. Tulikimbia mimi na binti yangu. Mimi nilifika Goma. Yeye hakufika.

Nilipopata nguvu ya kusimama kanisani, nikaanza kueleza. Nilipofika kwenye "nikatoka mzima" tu, wakaruka juu: Amina! Ngoma ikalia. Siwalaumu, walinipenda, walifurahi kuniona. Lakini Mama Verediana alikuwa ameshazikwa, na nilitazama benchi la mbele nikaona hakuna anayevua viatu. Nikaketi. Nikarudi nyumbani na jina la binti yangu mdomoni, na mpaka leo nalala nalo, naamka nalo. Nyumba yangu ina watu, wajukuu wa dada yangu wanapigana humo kutwa, lakini upweke hauhesabu vichwa. Siku nyingine nasemesha sufuria, maana yenyewe hainikatizi.

Siku hizi vijana wazuri wanakuja na simu zao kunirekodi. "Koko, bibi yetu, utuambie, ulipona namna gani?" Nawaambia. Wananishukuru kwa adabu, wanakwenda zao. Wote wanauliza juu ya aliyepona. Juu ya asiyepona hakuna anayeuliza, labda wanaogopa kunitonesha. Hawajui kwamba kidonda hiki kinauma zaidi kisipoguswa.

Kwa hiyo shika haya. Mtu aliyepita katika mauaji akikufungulia kinywa, awe mzungu au mtu wa kijiji chako, usimtafutie mwisho mzuri. Mwisho ni wake, hata kama hana. Usimwambie ashukuru. Usimwambie kwamba na wewe yalikupata. Amina ni neno takatifu, lakini likisemwa mapema linakuwa mkono wa kumziba mtu mdomo. Akinyamaza, nyamaza naye, na usiangalie saa, kwa maana haraka haraka haina baraka. Kisha umuulize jina la aliyebaki kule, na alipenda nini. Ukilipokea jina hilo, lichukue, ulitaje na mahali pengine.

La binti yangu hujaniuliza, ila leo nimechoka kungoja. Aliitwa Espe. Alipenda mahindi ya kuchoma yaliyoungua, na alikuwa akicheka kabla hajamaliza hadithi yake mwenyewe, hata usijue alitaka kusema nini.

Mungu akupe masikio yasiyo na haraka, mwanangu. Akulinde usije ukawa na la kusimulia kama letu. Na kama dunia itakataa, siku hiyo asikose kukupa mtu mmoja wa kukaa chini pamoja nawe.