Mzigo: Godoro Moja na Mke

Mume wangu alikuwa dereva wa shirika la umma kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuangusha gari. Habari hiyo wageni waliipata kabla hawajamaliza chai. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Songea, na niliisikia mara nyingi kuliko wanafunzi wangu walivyoimba jedwali la kuzidisha.

Mageuzi yalipokuja, mashirika yakauzwa na watu wakapunguzwa kazini. Yeye alikuwa kwenye orodha ya kwanza. Wenzake wengine walikwenda kunung'unikia kilabuni, lakini yeye alikuja na kiinua mgongo chake mpaka jikoni, akanikuta nachambua maharage.

"Mwalimu," akasema, "tunanunua pikapu. Mpya kabisa, ya dukani. Maisha yangu yote nimeendesha magari yaliyochoshwa na watu wengine."

Sikubisha. Ukweli nilifurahi kama msichana. Dukani kulikuwa kumejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipangia foleni, na mimi niliona haki yetu imefika. Tukasafiri wote wawili hadi Dar es Salaam kwa wakala wa watengenezaji, tukalipa, tukapewa gari jeupe lenye viti vinavyonukia plastiki. Tukapewa pia kijitabu cha dhamana. Kilisema kwamba gari likiwa na ubovu wa kiwandani usiotengenezeka, watengenezaji watalinunua tena. Mume wangu alicheka alipokisoma, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba hakitafunguliwa mara ya pili.

Kabla ya kuwasha moto alifanya jambo moja. Alitoa kwenye mfuko wa koti daftari la safari, lile ambalo kila dereva wa umma alilijua: kurasa zina namba, kila safari inaandikwa ilikoanzia, ilikoishia, mzigo, abiria na hali ya gari, kisha afisa aliyebebwa anatia saini. Alikuwa amejinunulia jipya.

"Baba, huna mwajiri tena," nikamwambia. "Afisa utamtoa wapi?"

"Si wewe hapo?"

Tangu siku hiyo nikawa afisa. Akinipeleka sokoni, nasaini. Akinipeleka misa ya kwanza, nasaini. Majirani walijua, na walinicheka. Nilisaini kama maafisa wote wanavyosaini, yaani bila kusoma, nikiwa na mguu mmoja umeshatoka nje ya gari.

Saini yangu ya kwanza niliitia kwenye mlima wa Kitonga, siku ileile tuliyotoka Dar. Gari lilichemsha katikati ya mlima. Mvuke ulitoka, likazimika, tukakaa pembeni ya barabara saa nzima na nusu tukila machungwa. Mume wangu hakuniruhusu kulisema vibaya. Alisema injini mpya ina ukavu wake, italainika. Nikaletewa daftari, nikasaini huku vidole vikiwa na maji ya machungwa.

Tulipofika nyumbani alifanya kile ambacho mtu yeyote wa Songea angefanya. Alilipeleka gari kwa fundi wa kuchomelea kule Majengo, likaongezwa springi. Wakati ule hakuna aliyemiliki pikapu hapa akaacha kufanya hivyo. Tuliamini kwamba kiwandani wanayafanya laini kwa ajili ya barabara za kwao, na kwamba pikapu isiyoongezwa springi ni kama ugali ulioepuliwa mapema. Watu waliinama kuangalia chini ya gari lako hata kabla ya kukupongeza. Wengine waliongeza springi kwanza, ndipo wakampelekea padri gari alibariki. Sisi pia tulifuata mpangilio huo.

Miezi ya mwanzo, na kusema kweli hata ile mibaya iliyofuata, ilikuwa miezi mizuri. Nilikaa mbele. Tulipeleka mahindi ya watu Peramiho tukarudi na parachichi. Tulibeba bibi harusi wawili na kwaya moja. Mume wangu alipiga mluzi akiendesha, jambo ambalo shirika lilikuwa limemkataza.

Lakini gari lilichemsha. Lilichemsha na mzigo na bila mzigo, asubuhi ya baridi na mchana wa jua. Fundi wa injini alibadilisha rejeta, akabadilisha pampu ya maji, akabadilisha gasketi mara tatu. Kila alichokitoa alituletea kimefungwa kwenye gazeti, kama mafundi wetu wafanyavyo ili mwenye gari aone kwamba hakuibiwa, nami nilivitia vyote kwenye gunia chini ya kitanda cha wageni. Likipoa lilikwenda wiki mbili vizuri, kisha linaanza tena. Watoto wa mtaani wakalipa jina. Tukipita walipiga kelele, "Birika hilo! Birika!"

Mimi ndiye niliyeandika barua kwa wakala, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Nilieleza yote, na Kitonga nikaitaja. Nikaomba kile kilichoandikwa kwenye kijitabu chao: watengenezaji walichukue gari lao, watupe hela yetu. Majibu yalichelewa. Yalipokuja, yalikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema maneno ya mke wa mteja kuhusu Kitonga si ushahidi. Ya pili ilisema wateja wengi wa mikoani hubebesha magari kupita kiasi. Ya tatu nilitamani niiruke, lakini mume wangu alikuwa ameketi mbele yangu akisubiri nimsomee, maana miwani yangu ndiyo pekee nyumbani. Ilisema kuchemsha kwa injini mpya aghalabu hutokana na dereva ambaye hajazoea magari ya kisasa.

Alinyanyuka akaenda kumwagilia mbogamboga ambazo nilikwisha kuzimwagilia.

Baada ya hapo mluzi ulikwisha. Jumapili alianza kwenda kanisani kwa miguu, akisema anataka kunyoosha magoti. Mtu akimkumbusha zile habari za miaka ishirini na miwili alibadilisha mazungumzo. Hela ilituuma, sitasema uongo, maana yote tuliyokuwa nayo ilikuwa kwenye lile gari jeupe. Lakini hela tungeitafuta tena, mimi bado nafundisha na shamba lipo. Nilichotaka kutoka kwa watu wale ni waiondoe aya ya tatu. Nilikuwa na hasira nao ambayo mpaka leo nikiikumbuka napandwa na joto.

Niliandika tena, na tena. Barua ya nne, nadhani, niliandika kwa wino mwekundu. Nikawaambia kuna daftari la safari lenye kila kitu. Wakajibu haraka safari hii: litumeni.

"Haliendi," mume wangu akasema. "Daftari la safari halitoki ndani ya gari."

"Hiyo ni sheria ya shirika, na shirika limekufa!"

"Sheria ni nzuri. Wanaolitaka walifuate."

Nilimwita mkaidi na majina mengine ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Lakini niliandika alivyosema, na kwa mshangao wangu wakakubali. Wangemtuma mkaguzi, angepita Songea akielekea Mbinga kwa shughuli nyingine.

Siku moja kabla mkaguzi hajafika, alasiri, mume wangu akiwa kisimani, niliingia ndani ya gari nikalifungua daftari kwa mara ya kwanza kwa nia ya kusoma. Sikufika mbali. Lilifunguka lenyewe kwenye ukurasa wa pili, nikaona mwandiko wake wa herufi kubwa: GARI LIMEONGEZWA SPRINGI, PLETI MBILI KILA UPANDE. Kijitabu cha dhamana kilikataza waziwazi kubadilisha chochote, nilikuwa nimekisoma tangu nilipoanza kuandika barua. Springi zenyewe fundi alikuwa amekwisha kuziondoa miezi mingi nyuma, alipokuwa akitafuta sababu ya gari kuchemsha. Hakuna ambaye angejua. Ilikuwa ni karatasi moja tu.

Nilikuwa nimeishika karatasi ile kwa vidole viwili, karibu na mshono, alipotokea dirishani na ndoo mkononi.

"Mwalimu," akasema taratibu. "Mwanafunzi wako ukimkuta anachana daftari, unamfanyaje?"

"Hii itatumaliza, baba. Watasema ulikuwa umejipanga kubebesha gari."

"Niliongeza springi. Nimeandika nimeongeza springi." Akaweka ndoo chini. "Wameniambia sijui kuendesha. Unataka waniambie na uongo pia?"

Nikaiachia karatasi. Nilikuwa na aibu, na bado nilikuwa na hasira naye, na vyote viwili nililala navyo.

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi, mtu mzima mwenye suruali iliyopigwa pasi. Alitusalimu vizuri, akamwamkia mume wangu "shikamoo, mzee," jambo ambalo sikulitegemea. Walikwenda na gari hadi njia ya Peramiho na kurudi. Gari lile, kwa ushenzi wake, halikuchemsha hata kidogo. Lilirudi limetulia kama bwana harusi.

Nikamwaga gunia barazani. Aliviangalia vile vyuma kimojakimoja, akageuza gasketi juani, akaandika mambo yake. Kisha akaliomba daftari. Mume wangu akasema lipo garini, karibu. Basi mkaguzi akasomea kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, sisi tumesimama pembeni.

Alianzia katikati, akarudi nyuma polepole, mpaka akafika pale.

"Mzee," akasema, "hapa umejimaliza mwenyewe."

"Ni kweli niliongeza," mume wangu akasema.

Mkaguzi alitikisa kichwa. Nilimwona akitaka kulifunga daftari, kisha, sijui kwa mazoea au kwa huruma, akaigeuza ile karatasi kuona kama nyuma yake kuna kitu. Akasoma kwa sauti.

"Siku ya kwanza. Dar es Salaam kwenda Iringa. Kitonga, gari limechemsha, limezimika. Tumesubiri saa moja na nusu. Mzigo: godoro moja na mke."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na nikajua anakadiria.

"Nilikuwa na kilo sitini na mbili," nikasema. "Na godoro lilikuwa la sponji."

Alicheka mpaka akashika usukani. Kisha akawa makini tena, akaweka kidole chini ya ukurasa. "Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Na hili doa?"

"Chungwa," nikasema.

Alilinganisha kurasa zile mbili za karatasi moja: mbele Kitonga, gari likiwa na siku moja na springi za kiwandani, nyuma yake Majengo, siku ya tatu. Alikuwa akiuliza maswali na mume wangu akiyajibu kama alivyokuwa akiwajibu maafisa, mikono nyuma. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikaviangalia vidole vyangu viwili vya jana. Karatasi niliyotaka kuichana ndiyo iliyokuwa inazungumza kwa niaba yetu. Sikumwambia mtu yeyote jambo hilo kwa miaka mingi, na mume wangu hakunikumbusha hata mara moja, ingawa kwa utani wake ningetegemea anikumbushe kila siku.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Niliisoma mezani, yeye ameketi palepale alipoketi safari ile. Gasketi alizoondoka nazo mkaguzi zilionyesha kwamba kichwa cha injini kilikuwa na ufa wa tangu kiwandani. Watengenezaji walikuwa tayari kulinunua tena gari, na walitaja kiasi, wakikata kidogo kwa matumizi. Nilikuwa nimekwisha kuanza kupiga hesabu kichwani aliponyoosha mkono.

"Kuhusu dereva hawajasema?"

Nikashuka mistari. Ilikuwapo, karibu na mwisho. "Uchunguzi haukuona kosa lolote la uendeshaji."

"Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, polepole, nami nikasoma kama ninavyowasomea watoto imla. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyaficha. Yale ya hela tuliyasoma kesho yake.

Siku ya kuja kulichukua gari, aliliosha tangu alfajiri, akasafisha hata chini mahali springi zilipokuwa. Nilimwambia anamwoshea mtu asiye na shukrani. Akasema gari la mtu linarudishwa safi. Kutoka nyumbani hadi stendi, ambako dereva wao alikuwa akisubiri, mume wangu alipiga mluzi njia nzima, na watoto wakaita "Birika!" akawapungia mkono.

Pale stendi alizima injini, akaandika kwa muda mrefu, akanipa daftari na kalamu.

"Afisa, saini hapa."

Mguu mmoja ulikuwa tayari nje. Nikaurudisha ndani, nikafunga mlango, nikavaa miwani nikasoma. Alikuwa ameandika ilikoanzia safari na ilikoishia. Mzigo: mke. Hali ya gari: bovu tangu kuzaliwa. Chini yake, mahali ambapo daftari halikuwa na mstari wa jambo hilo, alikuwa amechora mstari wake mwenyewe kwa rula: Hali ya dereva: nzuri.

Nikasaini.